Shajara ya mradi: daftari la kikoba, kundi la pili na ruwaza za usanifu

4 Machi

Mama mdogo kapiga simu asubuhi, hata salamu hazijaisha akaingia kwenye shida yake: kuna kundi la Chumbageni limeliona daftari letu la kwenye kompyuta, nao wanalitaka. "Si unawawekea tu, mwanangu? Ni kitu kile kile." Nikamjibu ndiyo, mama. Nilipofungua msimbo, yaani maandishi ya programu, nikaona si kitu kile kile hata kidogo.

Kwa atakayeanzia hapa: mwaka jana niliandika programu ndogo kwa lugha ya Python ya kutunza hesabu za kikoba cha Makorora, hapa Tanga, ambako mama mdogo ni katibu. Wanachama 27, wanakutana kila Jumamosi alasiri. Kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano, hisa moja 5,000, na anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Kuna mfuko wa jamii wa misiba na maradhi, kuna faini, na mwisho wa mzunguko kuna mgao. Fedha zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo uko kwa mtu wake.

Programu yote iko kwenye faili moja, mistari 1,140. Ilifanya kazi mwaka mzima bila kelele, kwa hiyo siionei haya sana. Ila Chumbageni hisa yao ni 2,000, hawatozi faini ya simu kulia kikaoni, na nyongeza ya mkopo wanaihesabu kwa utaratibu mwingine kabisa. Nikatafuta tarakimu 5000 ndani ya faili. Zimo mara 14. Tatu kati ya hizo si bei ya hisa, ni kitu kingine ambacho nacho kilitokea kuwa 5,000, na sikumbuki ni kipi.

Neno "nyongeza" nimelizoea kwa lazima. Mwanzoni niliandika "riba" kwenye skrini. Mweka hazina alivaa miwani, akasoma, akasema: "Hapa hatuli riba. Andika nyongeza." Kama kubadilisha jina kunabadilisha hukumu, hilo wataliamua masheikh. Mimi nilibadilisha jina.

9 Machi

Rafiki yangu wa kazini alisikia kilio changu akaniambia, "Ndugu yangu, hapo unahitaji ruwaza za usanifu." Ni maumbo ya kupanga msimbo kwa matatizo yanayojirudia, design patterns kwa Kiingereza. Nilizisoma chuoni, nikafaulu mtihani, nikazisahau. Nimezirudia siku nne hizi.

Chimbuko lenyewe linajulikana: kitabu cha 1994 cha Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, ambao watu wa fani huwaita genge la wanne. Ruwaza 23: tano za kuunda objekti (vipande vya programu vyenye data na kazi zake), saba za kuziunganisha, kumi na moja za namna zinavyoshirikiana. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wazo lilitoka kwa msanifu majengo. Christopher Alexander na wenzake walitoa mwaka 1977 kitabu chenye ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba, na miaka kumi baadaye wanaprogramu Kent Beck na Ward Cunningham wakaanza kulijaribu wazo hilo kwenye programu.

Hapo ndipo kitu kilinikaa kichwani. Kwa Alexander ruwaza si mchoro wa kunakili. Ni tatizo linalojirudia mahali fulani, mivutano inayolifanya liwe gumu, na umbo la utatuzi ambalo watu wamelifikia mara nyingi. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye baraza. Mgeni lazima akaribishwe, na ndani lazima pabaki na sitara yake. Ukimwingiza kila apitaye, sitara imekwisha, ukimsimamisha mlangoni umemvunjia heshima. Basi ukuta wa mbele unatolewa kibao cha mawe, mgeni anakaa, kahawa inamfuata hapo hapo. Nenda Mji Mkongwe Unguja, nenda Lamu, utazikuta za urefu na upana tofauti, hakuna iliyonakiliwa kutoka kwa nyingine, na zote ni baraza.

Sanduku la kufuli tatu nalo ni ruwaza. Fedha ziwe karibu na wenyewe, lakini asiwepo mtu anayeweza kuzifikia peke yake. Hakuna aliyewafundisha akina mama neno "usanifu".

(Naongeza baadaye: kama ningeishia hapo siku hiyo, ningejiokolea wiki mbili.)

17 Machi

Nimejaa moto. Nimezivunja zile mistari 1,140 kuwa faili 31. Kila jina la herufi kubwa hapa ni ruwaza ya kitabuni. Nina Kiwanda cha kuunda wanachama. Nina Kiwanda cha kuunda viwanda, na sitanii. Nina Singletoni ya mipangilio ya kikundi (nakala moja tu kwa programu nzima), nina Mwangalizi anayetangaza kila malipo, nina klasi (kiolezo cha kuundia objekti) ya msingi ya faini yenye watoto watano. Majina nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ninavyofikiri nikiwa na hesabu za kikoba: Mkakati, Hali, Adapta, Amri. Ninaonekana mtaalamu hata mbele ya kioo.

23 Machi

Kikao. Shikamoo zimepokewa, chai imemiminwa, mwenyekiti akatangaza kwamba faini ya kuchelewa imepanda kutoka 1,000 hadi 1,500 kuanzia leo. Mama mdogo akanigeukia: "Badilisha hapo mara moja, tunaanza kutoza." Mara moja!

Nikafungua faili ya faini. Kiwango hakimo, kimo kwenye mipangilio. Mipangilio inasomwa na Singletoni. Singletoni inajazwa na Kiwanda. Kiwanda kina thamani ya akiba, inayotumika pasipowekwa nyingine, ambayo niliiweka "kwa usalama", nayo ni 1,000. Nimefungua faili sita kubadilisha namba moja, na kwenye ile faili ya zamani yenye aibu ningebadilisha mstari mmoja. Waliochelewa walikuwa wanne, wamesimama mbele yangu na noti mkononi, wananitazama kwa subira ya watu wanaotozwa faini ya kuchelewa na mtu anayewachelewesha.

Mama mdogo hakusema kitu. Alichukua daftari la karatasi akaandika 1,500 mara nne.

Usiku nimerudi kwenye Git, inakotunzwa historia ya msimbo, nikatengeneza tawi jipya kutoka ile faili moja ya zamani. Zile 31 zimebaki kwenye tawi lao, nimelipa jina "harusi".

30 Machi

Utaratibu mpya: siweki ruwaza yoyote mpaka nionyeshe mstari wa msimbo unaouma, na sababu ya kuuma.

Kwanza nimeandika majaribio 40, vijiprogramu vya kukagua, yanayoishika programu jinsi ilivyo sasa, makosa yake yakiwemo. Kazi ya kuchosha, sina cha kusimulia.

Kisha nimeingia pale panapouma kuliko pote, nyongeza ya mkopo. Makorora wanatoza asilimia 10 ya mkopo kwa mkupuo, ulipe kwa mwezi mmoja au minne. Chumbageni wanatoza asilimia 5 ya salio kila mwezi. Ndani ya fanksheni ya mkopo (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) palishaanza kuota "kama ni kundi la kwanza, vinginevyo", na vilevile kwenye ripoti, na vilevile kwenye mgao. Swali moja linaulizwa mahali pengi, na kundi la tatu likija kila mahali pataongezwa sharti jingine. Hapa Mkakati una haki yake: hesabu zinatofautiana, anayeziita hahitaji kujua ni ipi.

Kitabuni Mkakati ni klasi ya juu na klasi za chini yake, maana mifano yao ni ya C++ na Smalltalk. Kwenye Python fanksheni ni kitu unachoweza kukishika na kukipitisha kama namba. Mtaalamu wa kompyuta Peter Norvig alionyesha mwaka 1996 kwamba kwenye lugha za namna hii ruwaza 16 kati ya 23 ama zinakuwa nyepesi ama hazionekani kabisa. Mkakati wangu wote ni huu:

    def nyongeza_ya_mkupuo(kiasi, miezi):
        return kiasi * 10 // 100

    def nyongeza_ya_salio(kiasi, miezi):
        jumla, salio = 0, kiasi
        for _ in range(miezi):
            jumla += salio * 5 // 100
            salio -= kiasi // miezi
        return jumla

    NYONGEZA = {
        "makorora": nyongeza_ya_mkupuo,
        "chumbageni": nyongeza_ya_salio,
    }

Hakuna klasi hata moja. Rafiki yangu wa kazini kasema huu si Mkakati, ni kamusi yenye fanksheni. Nikamwambia baraza ya tofali za saruji nayo ni baraza.

Majaribio yote ni kijani, yaani yamepita. Nimelala.

6 Aprili

Kijani kilinidanganya.

Katibu wa Chumbageni alikokotoa kwa mkono mkopo wa 400,000 wa miezi minne akapata nyongeza ya 50,000. Programu ikasema 40,000. Nikaangalia: nilipounganisha kundi la pili nilinakili mipangilio ya kundi la kwanza, nikabadilisha jina na bei ya hisa, ufunguo wa nyongeza nikauacha "makorora". Wiki nzima Chumbageni wamehesabiwa kwa sheria ya Makorora.

Lakini nilikuwa na jaribio la hilo hilo! Mkopo wa 300,000, miezi mitatu, kundi la Chumbageni, jibu litarajiwalo 30,000. Nikakaa na karatasi. Kwa salio: mwezi wa kwanza asilimia 5 ya 300,000 ni 15,000, wa pili ya 200,000 ni 10,000, wa tatu ya 100,000 ni 5,000. Jumla 30,000. Kwa mkupuo: asilimia 10 ya 300,000 ni 30,000. Zinakutana. Na si kwa kiasi hicho tu, mkopo wowote wa miezi mitatu kamili zinakutana, wa laki moja au wa milioni, ukiacha shilingi moja ya makombo. Kati ya mifano yote niliyoweza kuchagua, nilichagua ule mmoja usioweza kuzitofautisha sheria mbili.

Kwa bahati mikopo ya Chumbageni iliyoingizwa kwenye programu ilikuwa mitatu, miwili ya miezi mitatu, na wa tatu ndio huo ulioshikwa kabla haujasainiwa. Jaribio sasa lina miezi miwili, mitatu na minne. Na nimejifunza jambo ambalo sikulisoma popote kwenye siku zangu nne: ukishatenganisha mikakati, kosa halikai tena ndani ya hesabu, linahamia kwenye kamba, yaani ule ufunguo, inayochagua hesabu ipi. Kamba nayo inataka jaribio lake.

13 Aprili

Mkopo ulikuwa na vibendera vinne: umeidhinishwa, umetolewa, umechelewa, umelipwa. Ndiyo au hapana, mara nne, michanganyiko 16. Katika uhai wa mkopo halisi ipo mitano tu: umeombwa, umeidhinishwa, umetolewa, umechelewa, umelipwa. Zilizobaki 11 ni majini. Nimepekua hifadhidata nikakuta jini mmoja hai, mkopo ambao haukuidhinishwa lakini umelipwa.

Ruwaza ya Hali inasema kila hali iwe klasi yenye tabia yake. Nilianza kuandika, nikaona klasi zangu tano hazina tabia, zina jina tu. Tofauti pekee ni hali gani inaweza kufuata ipi. Basi nimeweka safu moja ya hali na jedwali la mistari mitano la njia zinazoruhusiwa. Ukijaribu kuruka kutoka "umeombwa" kwenda "umelipwa" unakataliwa na kuambiwa sababu. Siku hali moja ikihitaji kufanya jambo lake, labda "umechelewa" ianze kuhesabu faini ya kila wiki, nitaipa klasi. Leo hapana.

Yule jini, mama mdogo anamjua. Mwanachama alirudisha fedha kabla kikao hakijaandika kwamba alipewa. Mambo ya msibani.

20 Aprili

Wanachama wengine siku hizi wanatuma kwa simu, na mweka hazina ananakili ujumbe wa malipo na kuubandika kwenye programu. Mitandao mitatu, kila mmoja na maandishi yake: mmoja unaanza na namba ya muamala, mwingine unaanza na kiasi, wa tatu unaandika "Tsh" umeigandisha kwenye tarakimu. Msimbo wa kusoma ujumbe ulikuwa umejipenyeza hadi kwenye ukurasa wa hisa.

Hapa nimetumia Adapta, na hii sikuitilia shaka hata dakika moja, kwa sababu sote tunaijua kwa mikono. Chaja ya pini mbili, ukuta una matundu matatu. Ama unanunua adapta, ama unafanya kama tunavyofanya nyumbani: unachokoa tundu la juu kwa kijiti au kifuniko cha kalamu ili vizibo vya chini vifunguke, kisha unasukuma. Msimbo wangu ulikuwa wa kifuniko cha kalamu. Unawaka, na siku moja utakurusha.

Sasa kila mtandao una faili yake fupi inayopokea maandishi na kurudisha kitu kimoja tu, muamala wenye namba, kiasi, mtumaji na saa. Ukurasa wa hisa haujui kama kuna mitandao duniani. Siku mbili tu baada ya kumaliza, mtandao mmoja ulibadilisha mpangilio wa maneno ya ujumbe wake bila hodi. Nikagusa faili moja, mistari miwili, nikarudi kula.

27 Aprili

Singletoni. Kwenye tawi la "harusi" mipangilio ya kikundi ilikuwa Singletoni, maana yake programu nzima ina nakala moja tu na kila mtu anaichota popote alipo. Kikundi ni kimoja, si ndiyo? Kilikuwa kimoja. Gamma mwenyewe, mmoja wa wale wanne, alisema mwaka 2009 kwamba hiyo angependelea iondolewe kwenye orodha. Sina la kuongeza. Kikundi sasa kinapitishwa kwa fanksheni inayokihitaji, kama unavyompa mtu daftari mkononi.

Mwangalizi naye nimemwacha nje. Wazo lilikuwa zuri: malipo yakiingia, tangazo linatolewa, na wanaosikiliza wanafanya yao, mmoja anatuma ujumbe, mwingine anaandika ripoti. Lakini msikilizaji mmoja alijiandikisha mara mbili kwa sababu faili yake ilipakiwa kutoka sehemu mbili. Mama mmoja akapokea ujumbe wa hisa za 25,000 mara mbili, akaja mbio na kanga moja kuuliza kwa nini amekatwa 50,000. Kwa wasikilizaji wawili nimeandika miito miwili, mmoja chini ya mwingine, unasoma kwa macho unajua nini kitatokea. Wakifika watano nitamfikiria tena.

4 Mei

Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na sikuitafuta.

Katibu akikosea kuingiza hisa, programu ya zamani ilimruhusu kufuta. Nilitaka kuweka kitufe cha kutengua, na kitabuni njia yake ni ruwaza ya Amri: kila tendo linafanywa objekti inayojua kujitenda na kujitengua. Nikamweleza mama mdogo, nikitegemea atafurahi.

"Kutengua ndiyo kufanyaje?"

"Kosa linaondoka, mama, kama halikuwepo."

"Weeh! Hapana." Akafungua daftari la karatasi la miaka mitatu nyuma, akanionyesha. Tarakimu 15,000 imekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, bado inasomeka. Pembeni 10,000, na sahihi mbili, yake na ya mweka hazina. "Daftari lililofutwa halina ushahidi. Kosa linakatwa, halifichwi. Kesho mtu akiuliza, tunamwonyesha tulikosea nini na nani alikuwepo."

Basi Amri ipo, lakini kutengua hakurudi nyuma. Tendo la kutengua nalo ni ingizo jipya, lenye kiasi kinyume, linaloelekeza kwenye ingizo lililokosewa, na linataka sahihi za watu wawili kabla halijakubaliwa. Hakuna mstari unaoondoka kwenye hifadhidata. Salio halihifadhiwi popote, linajumlishwa kutoka kwenye maingizo. Wahasibu wamefanya hivyo karne na karne, nami nilikuwa karibu kuwauzia akina mama wa Makorora kitu duni kuliko kalamu yao.

Kwenye skrini ingizo lililotenguliwa linaonekana limekatwa kwa mstari mmoja mwembamba. Hilo nimeliweka kwa heshima yake.

11 Mei

Hali ya mradi: faili 9. Mistari 1,310, mingi kuliko mwanzo. Majaribio 63. Ruwaza zenye jina ni nne, na moja tu kati ya hizo, Adapta, ingetambuliwa na waandishi wa kitabu bila kukunja uso. Namba 5000 ya bei ya hisa imo mara moja. Zile tatu za siri nimezitambua: mchango wa mfuko wa jamii kwa mwezi, umeandikwa mara tatu.

Leo nimejaribu makundi yote mawili kwenye kompyuta moja, kikao cha Makorora kikiendelea. Mwenyekiti akabadilisha tena faini ya kuchelewa, ikarudi 1,000, watu walilalamika. Nikafungua faili moja, nikabadilisha namba moja, mama mdogo akanitazama juu ya miwani, akaendelea kuhesabu noti.

Dakika kumi baadaye simu yangu ikalia. Kikao kizima kikanyamaza. "Mia tano," mweka hazina akasema, mkono umeshanyooshwa. Nikatoa. Akageukia kompyuta aiandike, akanitafuta kwenye orodha, simo. Programu haijui kumtoza mtu ambaye si mwanachama.

Nimeongeza kwenye orodha ya kazi: faini ya mgeni. Ruwaza iitwayo Mgeni ipo kitabuni, nimeangalia, haihusiani kabisa. Kwa sasa 500 yangu iko kwenye daftari la karatasi.